Maji ya Rejeta

Ukinunua motakaa iliyokwisha kutumiwa na mwingine, angalia maji ya rejeta kila asubuhi, injini ingali baridi. Yakiwa yapungua kila siku, tafuta panapovuja: kwenye mipira, kwenye pampu au kwenye rejeta yenyewe. Usipoona mahali, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamkini maji yameingia ndani ya injini. Usiliendeshe gari mpaka fundi alitazame.

Maji yakichemka njiani, kama katika kupanda mlima kutoka Naivasha kwenda Limuru, zima injini ungoje nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko kingali moto: maji yaliyobanwa humo huweza kupita joto la digrii 100, nayo hufoka na kuunguza uso. Tahadhari kabla ya hatari.