Kiboko si dawa ya mtoto aliyejeruhiwa

Yuko mwanafunzi ambaye kila mwalimu wa Kibera na Kawangware anamfahamu. Huja shuleni amechelewa, husinzia somo la kwanza likiendelea, hushtuka aguswapo begani, na wakati wa mapumziko huzua ugomvi kwa jambo dogo. Huitwa mvivu au mtundu, kisha huchapwa. Ni wachache wanaomuuliza alilala wapi, au ni nani aliyempiga usiku uliotangulia.

Swali hilo si la huruma tu, bali ni la elimu pia. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana wa umri wa miaka 18 hadi 24 walieleza kwamba walitendewa ukatili utotoni. Mapema zaidi, mwaka 2012, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 552 wa familia maskini jijini Nairobi, uliofuatia ghasia za uchaguzi wa 2007. Asilimia 18 kati yao walipatikana na maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko. Kibera iliyaona maovu ya wakati huo. Kawangware nayo ikashuhudia mapigano Oktoba 2017.

Mtoto anayetarajia kipigo wakati wowote huishi roho mkononi. Akili iliyo macho kuutazama mlango haina nafasi ya kushika hesabu ubaoni. Kumchapa mtoto kama huyo kwa sababu hakusikiliza ni kumwongezea jeraha lile lile linalomzuia kusikiliza.

Watakuwepo watakaotukumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo hatuipingi. Inahimiza malezi yenye msimamo. Haikumwamuru mtu kumjeruhi mtoto. Isitoshe, sheria za nchi zimekwisha kunena. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtoto dhidi ya ukatili wa aina zote, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kuumiza mwili pamoja na mateso ya kiakili. Hata hivyo, fimbo haijatoweka madarasani.

Hatusemi haya ili kumtwika mwalimu lawama zote. Anayefundisha darasa lililofurika, pengine katika shule ya mabanda ambako mshahara ni wa kubahatisha, naye ana mzigo wake. Lakini dawa si lazima iwe ghali. Katika shule moja ya upili huko Kibera, wanafunzi 51 waliokuwa na dalili za huzuni na wasiwasi uliopindukia waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifunzwa mbinu za kusoma. La pili lilikutana kwa majuma manne na vijana waliofunzwa kazi hiyo, wakajadili shukrani, maadili yao na uwezo wa mtu kubadilika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa kundi la pili lilipata nafuu zaidi, na hata alama zao za masomo zikapanda. Jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413, lilithibitisha nafuu hiyo mwaka 2021.

Wakati umewadia kwa Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma kwa Walimu kuhakikisha kwamba kila shule ya mitaa hii ina mwalimu wa ushauri aliyepunguziwa vipindi ili apate muda wa kusikiliza. Watafiti nao wasiyafungie matokeo yao makabatini. Wayarudishe kwa walimu waliowafungulia milango ya madarasa.

Nawe mwanafunzi unayeumizwa, si kosa lako. Mweleze mtu mzima unayemwamini, au piga simu bila malipo kwa nambari 116. Na mwalimu, kesho mtoto huyo atakaposinzia tena, muulize kwanza.