Methali na Zoezi la Kujaza Mapengo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tumeshuhudia somo hili mara nyingi mno. Mwanachuo huandika ubaoni nusu ya methali, darasa la tano huimalizia kwa sauti moja, na somo huhesabiwa kuwa limefaulu. "Haraka haraka?" "Haina baraka!" Safari moja tuliomba ruhusa ya kumwuliza mtoto swali: maneno hayo angemwambia nani, na lini? Alinyamaza. Wenzake nao wakanyamaza.

Saa ya mapumziko tuliwakuta watoto wale wale bombani. Msichana aliyekuwa nyuma ya foleni aligonga ndoo yake akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Aliyekuwa akikinga maji akamjibu bila kugeuka, "Haraka haraka haina baraka." Methali mbili zapingana, na kila moja yamtetea msemaji wake. Jambo hilo somo la asubuhi halikuligusa hata kidogo.

Kwa maoni yetu, kosa ni kuifanya methali kuwa sentensi ya kukaririwa, yenye maana moja daima. Methali ina msemaji wake, anayeambiwa, na wakati wake. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ni onyo likitoka kwa bibi. Mtoto akimwambia mtu mzima, ni tusi. Tena watu wazima mara nyingi hutaja nusu tu, ile ya pili wakamwachia msikilizaji aimeze mwenyewe. (Kanga nayo husema, na mvaaji hajafumbua kinywa.)

Katika uandishi hasara huzidi. Mtoto aliyeambiwa kwamba methali huipamba insha huzipanga tano katika aya moja, hata kisa chenyewe kikakosa pa kupita. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake juu ya Ujamaa la mwaka 1962, alitumia "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Iondoe methali hiyo, na hoja yapungukiwa. Wanachuo wasahihishapo insha, watumie kipimo hicho.

Somo na lianze na kisa: ndugu wawili wamerithi shamba, mmoja ataka kuuza leo, mwenziwe ataka kungoja mavuno. Watoto waulizwe mzee wa kijijini mwao angesema nini. Watataja methali mbalimbali na kubishana. Mwanachuo asiharakishe kuwanyamazisha, hata kama mkaguzi amesimama mlangoni.