Barua kwa wenzangu wa chumba cha mionzi

Birmingham, Uingereza

Ndugu zangu wateknolojia mionzi, pamoja nanyi wakuu wa idara na matroni mnaopanga zamu,

Karibu kila ujumbe unaonifikia kutoka nyumbani Tanzania unauliza njia ya kuja kufanya kazi huku. Wengi mnaandika usiku mkiwa zamu, na kabla ya kuulizia usajili huwa mmetanguliza maneno mengine: nimechoka, dada. Leo nayajibu hayo maneno ya kwanza, kwa sababu kuhama peke yake hakuyaondoi.

Mashine za huku ni nyingi, lakini watu nao wanaelemewa. Julai 2023 wanachama wa Society of Radiographers katika hospitali kadhaa za England waligoma kwa saa 48. Mshahara ulikuwemo katika madai yao, na upungufu wa watumishi ulikuwemo pia, pamoja na foleni ndefu ya wagonjwa wanaosubiri vipimo. Usiku ndio mgumu zaidi. Mgonjwa wa kiharusi hasubiri kupambazuke: dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka CT scan ithibitishe kwamba damu haijavuja kwenye ubongo. Hospitali nzima inamsubiri aliye chumba chetu. Akimaliza huyo, analetwa wa ajali.

Hata hivyo wingi wa picha si mzigo mzito kuliko yote. Mzigo mzito ni kwamba sisi tunaona kwanza. Mama amelala kitandani, jeli tumboni, na kwa kuwa skrini haielewi anausoma uso wako. Wewe umeshaona kwamba moyo wa mtoto haupigi. Katika hospitali nyingi za kwetu unatakiwa umwambie tu kwamba daktari atamweleza. Unamfuta jeli, unamshika mkono ashuke, unamwita anayefuata, ambaye wa kwake anacheza vizuri, na huyu naye anastahili kukuta uso wa furaha. Halafu kijana wa bodaboda ambaye ndugu zake wako nje ya mlango wanauliza kama ataamka. Halafu mtoto mchanga aliyeletwa kwa maelezo kwamba ameanguka, na mbavu zake zinaonyesha mivunjiko ya nyakati tofauti, mingine imeshaanza kuunga. Picha hizo hazifutiki kichwani unapozima mashine. Unakwenda nazo nyumbani, na watoto wako wanashangaa kwa nini mama hazungumzi.

Kwetu mtu akifika hapo husemwa hana moyo wa kazi. Amekuwa mkali kwa wagonjwa, haamkii watu, anaweka alama ya kulia upande wa kushoto. Naomba wakuu mnisikilize hapa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, na halikuiita ugonjwa. Liliielezea kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi yake au kujitenga nayo, na utendaji wake unashuka. Kwa maelezo hayo, wa kwanza kuulizwa ni anayepanga kazi. Mtu aliyekesha akipiga picha, kisha akaambiwa aendelee na kliniki ya asubuhi, hajapungukiwa imani wala maadili. Amenyimwa usingizi.

Najua watumishi hawatoshi. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilileta CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, jambo ambalo sisi tuliosoma zamani tuliliota tu, na kila mashine mpya inataka watu wa kuiendesha usiku na mchana. Ajira haiko mikononi mwa mkuu wa idara. Lakini ratiba iko mikononi mwake. Anaweza kumpumzisha aliyeitwa usiku. Anaweza kuhakikisha majibu ya TLD, kile kipimo cha mionzi tunachovaa kazini, yanayotoka Tume ya Nguvu za Atomiki hayaishii kwenye faili la ofisi, kwa sababu kijana anayeogopa kimyakimya kwamba mionzi itamnyima mtoto anahitaji kuiona namba yake na kuelezwa maana yake.

Na anaweza kuhakikisha hakuna anayebaki peke yake baada ya kesi nzito. Huku, mtoto anayeshukiwa kupigwa hupigwa picha na wataalamu wawili. Sababu mojawapo ni ushahidi, maana picha hizo zinaweza kufika mahakamani, lakini nimeona faida nyingine: mkitoka mle ndani, yupo aliyeona ulichokiona. Mnaweza kukaa dakika chache, mkanywa chai, mkasema. Wanaopiga ultrasound kwa wajawazito walipata mwongozo wa pamoja mwaka 2020 kuhusu namna ya kutoa habari zisizotarajiwa. Mwongozo huo unasisitiza ukweli ulio wazi na upole kwa wazazi, na sehemu yake moja inahusu yule anayezitoa, namna naye atakavyojitunza. Nilipoisoma sehemu hiyo nililia, kwa sababu katika miaka yangu yote nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nami nimo katika chumba kile.

Wenzangu, tuache kutaniana kuhusu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Utani huo unawafunga midomo watu wanaohitaji kusema kwamba hawalali, au kwamba wamefikiria kujidhuru. Ofisa ustawi wa jamii yuko hospitalini kwenu, na madaktari wa afya ya akili wapo. Kuwaona si aibu, na anayeogopa kuonekana asindikizwe na mwenzake. Maombi yaendelee. Mimi pia yananibeba, hasa jioni za huku ambapo ninarudi chumbani na hakuna wa kuniuliza nimeshindaje.

Wanaotaka kuja nitawaelekeza, simzuii mtu. Najua ada za wadogo zetu zinavyolipwa. Ila lipo jambo tunaloweza kuanza kabla ya safari ya yeyote. Ule mwongozo wa 2020 uko kwa Kiingereza na uliandikwa kwa taratibu za huku. Natafuta watu wawili watatu, akiwemo mkunga, tuandike wa kwetu: maneno gani mama wa Kibondo au Tandahimba aambiwe, nani ayaseme, na aliyeyasema apumzike wapi kabla ya kumwita anayefuata. Aliye tayari aniandikie, nami nitaanza na rasimu ya ukurasa mmoja.

Ni mimi dada yenu na mwenzenu wa kazi.