Bastola za Dhahabu Si Sheria

Wako wenzetu katika ualimu wanaodai kuwa filamu za makauboi zifungiwe mlango wa shule, kwa kuwa, wasemavyo, humfundisha kijana kupenda bunduki. Hoja hiyo hatuikubali.

Kijana wa Kamenge hakungoja Marekani imfundishe bunduki. Mtaa huu wa kaskazini ya Bujumbura uliijua milio ya risasi katika vita vilivyoanza Oktoba 1993, na mwaka 1995 wakazi wake waliikimbia operesheni ya jeshi, wakaacha nyumba nyuma yao. Je, mtoto aliyezaliwa na waliookoka humo tumfiche bastola ya sinema?

Tutazame filamu moja, Warlock, ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Edward Dmytryk. Raia wa mji wa machimbo, wakiwa wamechoshwa na genge la wachunga ng'ombe, wanamkodi Clay Blaisedell, mpiga bastola mashuhuri, awalinde. Awalinda kweli, lakini sheria inakuwa bastola zake zenye vipini vya dhahabu, na waliomwita wanaanza kumwogopa. Yuko na Johnny Gannon, aliyekuwa mmoja wa genge lile lile. Huyu anakubali kuwa msaidizi wa sherifu. Si mwepesi wa bastola, na mkono wake umejeruhiwa. Hata hivyo anakwenda kuwakabili wenziwe wa zamani, na raia waliokuwa wakijificha wanatoka kusimama naye. Mwishoni Blaisedell, ambaye angeweza kumwua, anazitupa bastola zake mavumbini na kwenda zake.

Kisa hiki si kigeni kwetu. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, sheria ya tarehe 31 Desemba 2004 iliunda Polisi ya Taifa ya Burundi, ambamo waliokuwa askari wa jandarmeri na waliokuwa wapiganaji wa msituni walivaa sare moja. Wanafunzi wetu ni watoto wa watu hao, na wa wale waliowakimbia wote wawili. Swali walilo nalo moyoni ni hili: je, sare humgeuza mtu?

Gannon awajibu kuwa sare peke yake haimgeuzi. Humgeuza kukubali kwamba sheria iko juu yake pia, na juu ya rafiki zake. Tena hafaulu raia wakijifungia ndani.

Kwa hiyo twasema: filamu na ionyeshwe, mwalimu akiwapo. Kisha wanafunzi waisimulie kwa Kiswahili, wapambanue amri na sheria, kisasi na hukumu, mwenye nguvu na mwenye haki. Bastola kijana ataiona popote. Maneno haya asipoyapata kwetu, atayapata kwa nani?