Kesi ya New York na Mkutano wa Kijiji Chetu

Ndugu zangu wa Kwaluguru, nanyi majirani wa Handeni na Korogwe kwa jumla, nimestahimili kitambo nikitaraji kuwa jambo hili litapita, lakini mficha uchi hazai, na leo sina budi kusema. Kila jioni barazani penye kahawa nawasikia vijana, pamoja na watu wazima wenye wake na watoto, wakihadithiana siasa na kesi za Marekani kwa ufasaha ambao wakili angeuhusudu: kwamba tarehe 30 Mei 2024 raia kumi na wawili walioketi kusikiliza kesi huko New York walimtia Donald Trump hatiani kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara; kwamba Novemba alishinda urais juu ya hayo; na kwamba tarehe 10 Januari 2025 hakimu alimwachilia pasi na kifungo wala faini. Yote ni kweli, na elimu si haramu. Lakini mwulize mnenaji huyo mkutano mkuu wa kijiji chake ulikaa lini, au ni nani wale saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, ambao sheria yataka watatu kati yao wawe wanawake, utamwona akichungulia kikombe kilichokwisha kahawa.

Pilipili usizozila zakuwashiani? Mkutano ule ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hupasa kukaa kila miezi mitatu. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu yeyote ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Madhali ridhaa ni yenu, mwaitupa kwa nini? Mbiu ikipigwa, huja akina mama wachache na wazee wa chini ya mwembe. Mapato na matumizi husomwa haraka haraka, hapana aulizaye, karatasi ya mahudhurio huzungushwa, na watu hutawanyika. Mwaka wa pili mtu akikuta mpaka wa shamba la babaye umesogezwa, hulia kuwa ameonewa. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Wala nyinyi si watu wa akili haba, hasha. Wazigua wenzenu waliochukuliwa hadi bonde la Juba, Somalia, katika karne ya 19 waliihifadhi lugha yao, hata wajukuu wao waliokimbia vita wakapokewa Chogo, humu humu Handeni, na serikali ikawapa uraia. Hao wameishi pahali sheria ilipokufa. Waulizeni thamani ya kuwa na mkutano wa kusemea.

Na maadamu nimekwisha fungua kinywa, liko la pili linalonitia ghadhabu zaidi. Wale wale wa barazani wanaosifu jinsi Mmarekani yule alivyotetewa na mawakili kwa majuma kadhaa, ukisikika ukelele wa mwizi hutoka na magongo, na kabla mshikwa hajaulizwa jina, damu imekwisha mwagika kwa ajili ya kuku! Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya 1977 yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosa kabla hatia yake haijathibitika, na dini zetu zote zilikwisha kuiharamisha damu ya mtu kabla ya Katiba hiyo kuandikwa. Kijana akishikwa na kuku, asiguswe. Apelekwe kwa mtendaji, kisha polisi, na mwenye kuku afuatane naye akaandikishe maelezo yake, ili Mahakama ya Mwanzo ipate la kuamua.