Betri Si Shati la Mtumba

Ukienda Karume kununua shati, unalishika, unaligeuza ndani nje, unalinyanyua juani uone kama lina tundu. Kola ikiwa imechakaa utaiona. Kifungo kikikosekana utapunguziwa bei. Muuzaji anaweza kukudanganya kuhusu lilikotoka, lakini hawezi kukudanganya kuhusu tundu.

Betri iliyotumika haiko hivyo. Nimejifunza hilo kwa hela ya watu tisa, na kwa ndoo mbili za kamba zilizooza.

Likizo ndefu iliyopita nilikwenda delta ya Rufiji, kwa mjomba wangu, ambaye ni nahodha wa kikosi cha wavuvi. Wanaishi dagoni. Kwa wale mliokulia bara, dago ni kambi ya wavuvi: vibanda vya fito na makuti pembeni mwa mikoko, watu wanakaa miezi kadhaa, samaki wakihama nao wanahama. Mto ni uleule wenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. REA nao wamefikisha nguzo karibu kila kijiji nchini. Lakini nguzo haiwezi kumfuata mtu anayehama na samaki. Dago litawashwa na sola na betri, au halitawashwa kabisa.

Paneli walikuwa nazo, na inveta ya volti 48. Zilizokufa ni betri zao nne za risasi. Betri ya risasi ukitaka iishi, usitumie zaidi ya nusu ya umeme wake. Usiku wa dagoni nani atakumbuka nusu? Watu wanachaji simu, taa zinawaka, jokofu linavuma. Zikakaushwa kila siku hadi zikafa.

Hapo ndipo mjomba akasema, "Mpwa wangu, wewe si unasomea mambo haya?" Jamani, kuna mwanachuo anayekataa swali hilo mbele ya watu? Nikasema ndiyo. Kila mmoja akatoa shilingi 70,000. Watu tisa, jumla 630,000. Nikapanda basi kurudi Dar.

Nilijua ninachokitafuta. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, zina betri ya kilowati-saa 24 iliyogawanywa katika moduli 48, kila moja kama kitabu kinene cha bati chenye uzito usiozidi kilo nne. Gari likigongwa au likichoka, moduli zinafunguliwa na kuuzwa mojamoja. Saba ukiziunga kwa msururu zinalingana vizuri na inveta ya volti 48. Gereji moja mjini walikuwa nazo, 90,000 kila moja. Saba mara tisini ni mia sita na thelathini. Nikaona Mungu kaniandalia.

Fundi akanihakikishia kwamba gari lilitembea kidogo tu. Nikatoa mita, nikapima zote: volti 7.6, volti 7.6, volti 7.6. Nikatingisha kichwa kama profesa. Akaongeza kwamba ile saketi ya kulinda betri haina haja, "wengi wanafunga bila." Hilo tu ndilo nililomkatalia, na leo namshukuru Mungu.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mfalme wa dago. Wiki ya tatu, saa sita usiku, umeme ukakata. Siku zilizofuata ukaanza kukata saa tano, halafu saa nne. Asubuhi moja mke wa mjomba akafungua jokofu akakuta ndoo zake mbili za kamba zimebadilika rangi. Hakunitukana. Alizimwaga mtoni kimyakimya, akaosha ndoo. Mjomba akasema tu, "Mpwa, hii betri yako imezeeka kuliko mimi." Wavuvi wakacheka, ila hakuna aliyeniuliza tena swali la umeme.

Nikazibeba zote saba kurudi chuoni. Nilichokifanya hapo ndicho nilichopaswa kukifanya kabla ya kutoa hela. Kila moduli niliijaza, kisha nikaiunganisha na taa tatu za mbele za gari zinazovuta takriban ampea 10, katikati nikaweka kipimo kinachohesabu umeme unaotoka. Ikishuka hadi volti 6, nakata, naandika. Moduli moja inachukua saa nne hivi. Kipimo chenyewe hakizidi bei ya sahani kumi za chipsi mayai.

Zilipokuwa mpya kila moja ilibeba kama ampea-saa 65. Sita kati ya zangu zilibeba kati ya 44 na 47. Kwa gari huo ni uzee, kwa dago ni mali. Ya saba ilibeba 23. Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na katika betri zilizoungwa kwa msururu, kenge ndiye anayepanga mwendo. Yeye akiisha, saketi ya ulinzi inakata zote, hata kama wenzake sita bado wana nusu ya mzigo. Nilidhani nimenunua kilowati-saa 2.3. Nilichopata ni kama 1.2. Na kama ningemsikiliza yule fundi nikafunga bila saketi, inveta ingeendelea kumkamua kenge hadi seli zake zigeuke, asubuhi sola inamjaza kwa nguvu, na hilo ndilo jiko la moto. Ndani ya kibanda cha makuti, watu tisa wamelala.

Mita ya volti ilinidanganya kwa nini? Haikunidanganya, nilisoma vibaya. Volti inakuambia maji yamefika wapi ndani ya chombo. Haikuambii kama chombo ni ndoo au ni kikombe. Kikombe nacho hujaa pomoni.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kwenye mijadala yetu hapa chuoni nasikia kambi mbili. Ya kwanza inasema betri za magari ya umeme zilizotumika ni takataka za wakubwa, zipigwe marufuku bandarini. Ya pili inasema umeme ni umeme, kila kinachokuja tupokee, mafundi wetu watajua. Nimezisikiliza zote na nadhani zote zinakosea mahali pamoja: hakuna anayetaka kupima.

Kambi ya marufuku inatupa mali. Leaf ya mwaka 2011, ikiwa mpya, ilipimwa Marekani ikatembea kilomita 117 kwa chaji moja. Betri ikibaki na asilimia 60, gari hilo ukilitoa Dar halifiki Chalinze. Kwa dereva limekufa. Lakini ndani yake kuna zaidi ya kilowati-saa 14, na dago la mjomba halifikishi mbili kwa usiku. Betri moja "iliyokufa" inaweza kuwasha madago kadhaa. Tukumbuke pia jasho lililoingia humo. Si kila betri ina kobalti, zile za LFP hazina kabisa, ila kwa zile zilizo nayo, sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, huko Kolwezi na jirani zake, na watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Mtu amechimba jiwe kwa tabu, limezunguka dunia, halafu tulitupe likiwa na nguvu zaidi ya nusu?

Kambi ya "tupokee tu" nayo isijione ina akili. Wenzetu hawafanyi hivyo. Nissan na Sumitomo walianzisha kampuni iitwayo 4R Energy mwaka 2010, na mwaka 2018 ikafungua kiwanda Namie, Fukushima, kazi yake kupima betri za Leaf zilizotumika na kuzipanga kwa madaraja. Zilizo bora hurudi kwenye magari, zinazofuata huenda kwenye foklifti na hifadhi kubwa za umeme, za mwisho hukaa kama akiba ya dharura. Uwanja wa Johan Cruijff kule Amsterdam uliwekewa mwaka 2018 hifadhi ya umeme inayolingana na betri za Leaf 148, mpya na zilizotumika zikichanganywa. Na kuanzia Februari 2027, betri za magari ya umeme zitakazoingizwa sokoni Umoja wa Ulaya zitatakiwa kuwa na pasipoti yenye taarifa zake, ikiwemo afya yake. Japani betri ina daraja, Ulaya itakuwa na pasipoti, kwetu ina maneno ya muuzaji.

Na tunajua maneno yanapofika mwisho nani hulipa. Hapo Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Sumu ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, alipigana hadi kikafungwa mwaka 2014, akapata tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa kwa miaka mingine. Betri ya lithiamu haina risasi, ila ikiungua moshi wake ni sumu, na ikifia mikokoni hakuna gari la taka litakaloifuata.

Kuna rafiki yangu mmoja, wa darasani, kanipa pingamizi la maana kuliko yote. Ananiambia: LFP mpya kutoka China zimeshuka bei, zinadumu, na haziwaki moto kirahisi, sasa uhangaike na vya zamani vya nini? Namkubalia nusu. Ukiwa na hela ya mpya, nunua mpya. Iliyotumika ina maana pale tu bei yake inapofuata uhai uliobaki. Mimi nililipa 90,000 kwa moduli yenye ampea-saa 46, na 90,000 ileile kwa yenye 23. Huo si unafuu, ni kamari. Lakini wavuvi wa dagoni hawakuwa wakichagua kati ya mpya na ya zamani. Walikuwa wakichagua kati ya ya zamani na kibatari.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote yanawezekana.

La kwanza, hakuna moduli iuzwe bila namba. Ampea-saa ngapi, imepimwa lini, kapima nani, viandikwe juu yake hata kwa kalamu ya wino mzito. TBS wanaweza kulifanya sharti. Lakini sisi wanunuzi tunaweza kuanza leo: hakuna namba, hakuna hela.

La pili, chuo kiweke meza ya kupimia betri, wazi kwa mafundi na wananchi, kwa ada ndogo. Kila mwaka miradi yetu ya mwaka wa mwisho inachapwa, inajaladiwa, inapewa alama, inakwenda kulala kabatini. Mtu anatengeneza kengele ya mlango inayowashwa kwa simu, kwenye hosteli isiyo na kitasa! Wapeni wanafunzi wanne moduli mia moja wazipime, wazipange, waandike walichokiona. Wakimaliza, mji mzima utakuwa na mahali pa kuuliza. Na yule fundi wa gereji aalikwe. Sidhani alikuwa tapeli. Nadhani naye alikuwa na mita ya volti tu, kama mimi. Anajua kufungua betri ya volti 360 bila kufa, jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kunionyesha.

La tatu, atakayeuza akubali kupokea ikirudi. Ukijua mzigo utarudi mlangoni kwako, utaangalia unachokiuza.

Serikali ya wanafunzi isiniambie hili si lake. Tunajua kupaza sauti boom likichelewa, na ni haki yetu. Lakini hela ya boom nayo inatoka mahali, na baadhi ya hao wanaoichangia kwa kodi zao wanalala gizani. Siku wakituuliza "wewe si unasomea mambo haya?", tuwe na jibu lililopimwa.

Nilirudi dagoni na moduli saba, kenge nikamwacha chuoni na nafasi yake nikaweka nyingine yenye 45. Safari hii niliandika namba juu ya kila moja kwa rangi nyeupe. Tukazijengea kisanduku cha matofali mbali na vibanda, na chaji nikaipunguza isijae hadi mwisho, maana joto la pwani halina huruma. Mke wa mjomba alisogea akasoma namba zote saba, moja baada ya nyingine, kisha akauliza, "Na ile ya mwanzo ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia ishirini na tatu.

"Ungeiandika na ile," akasema, akaenda kuleta ndoo zake.