Kipepeo Hana Kesi, Sisi Ndio Tunayo

Juzi niliweka picha ya kipepeo kwa status, simu haikulala. Bawa moja jeusi tititi, lingine jepesi lenye madoa ya rangi. Wa kwanza: "Hiyo ni edit." Wa pili: "Ni dalili za mwisho wa dunia." Wa tatu akauliza nimelipwa na nani. Manze!

Wasee, huyo kipepeo ni wa ukweli. Mwaka 2011, mmoja wa aina ya Papilio memnon alitoka kwenye pupa katika jumba la makumbusho ya viumbe asili kule London. Nusu dume, nusu jike, mpaka umenyooka katikati kama umepigwa na rula. Hata papasi zake hazikulingana urefu. Jumba hilo lilikuwa na vipepeo na nondo kama milioni 4.5, na wa sampuli hii walikuwa 200 hivi tu.

Inatokeaje? Kwa vipepeo, dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Yai likianza kugawanyika, kromosomu zinaweza kugawanywa vibaya. Au yai lenye viini viwili linarutubishwa mara mbili. Na kwa mdudu, kila seli inajiamulia jinsia yake. Ndio maana upande mmoja unaenda kivyake, na mwingine kivyake. Hakuna laana hapo, hakuna uchawi.

Sasa, kuna pia walioniunga mkono. Wakasema, "Si mnaona? Basi mkubali watu huntha." Nia yao ni poa, lakini hapo mi nakataa.

Kwanza, binadamu si mdudu. Homoni zetu husafiri kwa damu mwili mzima, kwa hivyo hakuna mtu aliyegawanywa katikati kama yule kipepeo. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaangukii moja kwa moja upande wa kiume au wa kike. Ukimfananisha na kipepeo, unampa mtoto wa jirani sababu mpya ya kumchungulia.

Pili, na hii ndiyo inaniuma, tangu lini mtu akahitaji mdudu amtolee ushahidi ndio aheshimiwe? Kesho ikigunduliwa hakuna kipepeo kama huyo, heshima yake inaisha?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu huntha 1,524 hapa Kenya, mara ya kwanza Afrika. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto huntha ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kupata matibabu na elimu. Serikali imewaona. Sisi mtaani bado tunawaita majina.

Halafu angalia hii: kipepeo akiwa nusu kwa nusu, watu wanamwita adimu, wanamlipia tiketi wamwone. Mtoto wa binadamu akizaliwa tofauti, mama yake anafunga mlango majirani wasijue.

Kwa hivyo mpende kipepeo kwa sababu ni kipepeo, na anapendeza. Na huyo mliyesoma naye, ambaye mlikuwa mkimcheka akienda choo peke yake? Mheshimu kwa sababu ni mtu. Hiyo inatosha.